Bad Brains: Rasta wanne walioikimbiza panki, na kwa nini bendi yao haikuwahi kutulia

Hapa Mombasa rege haihitaji kutambulishwa. Panda matatu ya Kisauni jioni ama katiza Kongowea siku ya Jumapili utaiskia tu, na mzee wa miaka sitini na kijana wa shule wote wanajua besi inaingia wapi. Kwa hivyo ukimuekea mtu wa huku Leaving Babylon hatashangaa, atatikisa kichwa, pengine aulize huyu ni Mjamaika gani mbona simjui. Sasa uache muziki uendelee. Wimbo unaofuata unaingia kabla hujashusha pumzi, gita linakwaruza, dramu zinakimbia mpaka mguu wako unashindwa kufuata, jamaa anapayuka maneno huyapati hata moja, na dakika moja na kidogo baadaye umeisha. Hapo ndo watu huuliza kwani umebadilisha bendi. Sijabadilisha. Ni watu wale wale wanne, kaseti ile ile ya mwaka 1982, wanaitwa Bad Brains na kwao ni Washington, Marekani.

Nimeona niandike hii kwa kirefu kwa sababu kila nikiitaja hii bendi maskani nakutana na maelezo nusu nusu. Mmoja atasema panki na hadikoo ni kelele za wazungu, basi. Mwengine ashasoma kidogo, atasema ndo bendi bora kuliko zote za aina ile ila iliharibiwa na mwimbaji wake. Mwengine atasema walikuwa weusi wakabaniwa, yakaishia hapo. Kila moja lina ukweli ndani yake lakini hakuna hata moja linaloeleza vile mambo yalivokwenda, maana hii bendi imevunjika na kurudi, ikavunjika tena na kurudi, mpaka ukijaribu kuhesabu unachoka, na bado hadi leo mtu yeyote anayepiga hadikoo, popote pale, ukimuuliza nani aliweka kipimo atakutajia wao.

Kwanza hadikoo yenyewe, haraka haraka. Panki ilishika moto New York na London kati ya 1975 na 1977, nyimbo fupi, gita chafu, watu wanajifundisha wenyewe. Miaka miwili mitatu baadaye vijana wadogo zaidi wa miji mbalimbali ya Marekani wakaichukua wakaikaza, wakatoa madoido, wakaongeza kasi, ikawa hadikoo. Los Angeles kulikuwa na Black Flag, San Francisco Dead Kennedys, Washington ikawa na Bad Brains halafu Minor Threat. Kitu cha kushika hapa ni kwamba huu ulikuwa muziki wa miji. Redio kubwa hazikuucheza na lebo kubwa, yaani kampuni za kutoa santuri, hazikuutaka, kwa hivyo kila mji ulijitengenezea wake, na aliyezoea aliskia tu akajua bendi imetoka wapi. Sisi watu wa Pwani hilo hatuhitaji kufundishwa, mpenzi wa taarab hawezi kukuchanganyia Juma Bhalo wa Mombasa na zile melodia zake za Kihindi na vikundi vikubwa vya Unguja vya fidla na ganuni, hata kama hajawahi kuvuka kwenda Zanzibar.

Haya, wale wanne sasa. Gary Miller, watu wanamjua kwa jina la Dr. Know, gita. Darryl Jenifer, besi. Paul Hudson, maarufu H.R., ndo mwimbaji, na mdogo wake Earl Hudson yuko kwenye dramu. Walikulia Washington na vitongoji vya upande wa Maryland, na katikati ya miaka ya 70 walikuwa na bendi ya jazi iliyochanganywa na roki wakaiita Mind Power. Waliwapenda Return to Forever na Mahavishnu Orchestra, yaani muziki wa watu waliosomea vyombo, wa vipimo vigumu ambao hata kuupiga vibaya kunataka mazoezi. Rafiki yao Sid McCray ndo aliyewaletea santuri za panki na kwa muda mfupi yeye ndo aliyekuwa mwimbaji. Jina la bendi wakalitoa kwenye wimbo wa Ramones.

Sasa hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndo penye siri ya huu muziki wote. Wapanki wengi walianza bila kujua kupiga, wakapanda taratibu. Hawa wanne walikuwa washajua, walishuka kutoka kwenye jazi wakaja kwenye nyimbo za dakika moja, na walipofika huko wakaamua watazipiga haraka kuliko mtu yeyote lakini bila kukosea. Skiza singo yao ya kwanza ya 1980, Pay to Cum, ambayo yote nzima ni kama dakika moja na nusu. Skiza dramu peke yake, usiskize kitu kingine. Mguu wa Earl na mkono wake wa kushoto vinapokezana, ngoma kubwa, snea (ile ngoma ndogo kali), ngoma kubwa, snea, kwa kasi ambayo mpigaji wa kawaida anaanza kuburuta baada ya mistari miwili, mkono unachoka unachelewa kidogo tu na wimbo mzima unalegea. Wake haulegei. Halafu skiza Banned in D.C., katikati wanashusha kasi wote pamoja, gita la Dr. Know linapata nafasi ya kuzungumza, kisha wanapanda tena kwa mpigo mmoja na hakuna aliyeachwa nyuma. Bendi nyingi zilizowafuata ziliiga ile kasi, kile kitendo cha kushuka na kupanda kwa pamoja kiliwashinda.

Na rege je, iliingiaje? Watu wengi huieleza kama kituko, ati bendi ya kelele iliyokuwa na tabia ya kupumzika kwa rege. Mimi sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo. Mpiga besi wa rege kazi yake kubwa ni kuacha nafasi, kujua wapi asipige, na mpiga dramu anautua mpigo mzito pale ambapo muziki mwengine huwa hauutui. Ni mambo ya kuumiliki wakati. Yule anayeweza kupiga haraka namna ile bila kuanguka ni yule yule anayeweza kupiga pole pole bila kuharakisha, na wanamuziki wa hapa watakwambia kupiga pole pole ndo kugumu zaidi. Kwa hivyo Jenifer wa Leaving Babylon na Jenifer wa Pay to Cum ni fundi mmoja anayetumia ujuzi mmoja. Tena hawakuwa wanaigiza, mwishoni mwa miaka ya 70 waliingia imani ya Rasta, wakafuga nywele, mashairi yakaanza kumtaja Jah. Na kabla ya hapo walikuwa washaokota falsafa nyengine, kwenye kitabu cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 kuhusu kutajirika kwa kufikiri, ndo wakatoa zile herufi tatu PMA, maana yake kushikilia fikra njema hata mambo yakiwa mabaya. Wimbo wao Attitude umejengwa juu ya hilo. Kwa hivyo wakati panki wa London waliimba kwamba hakuna kesho, hawa wa Washington walikuwa wanapiga mayowe kwamba usikate tamaa. Ukiskiza bila kujua maneno utadhani ni hasira tupu.

Washington tunaijua kwa Ikulu yao na habari za saa moja. Lakini mwaka 1980 ule mji ulikuwa na watu weusi kama asilimia 70, na muziki wa mtaani pale ulikuwa go-go, ngoma za mkono na midundo isiyokatika ya kina Chuck Brown na Trouble Funk, muziki wa mji mmoja vile vile. Vijana wa panki walikuwa wengi wao wazungu wa shule za sekondari za upande wa kaskazini magharibi, wadogo kwa umri, hawaruhusiwi kuingia baa. Bad Brains wakawa kaka zao wakubwa. Kina Ian MacKaye na Jeff Nelson, ambao wakati huo walikuwa na bendi ya kitoto inaitwa Teen Idles, waliwaona hawa jamaa jukwaani wakajua kipimo kiko wapi. H.R. alikuwa anapiga sarakasi ya kurudi nyuma jukwaani na akitua yuko kwenye mpigo. Sidhani kama kuna mtu aliyeshuhudia hiyo akiwa na miaka kumi na saba akarudi nyumbani akawa vile vile.

Mji wenyewe lakini ukawachoka. Mashabiki walirukiana, vitu vikavunjika, na wenye kumbi wakaacha kuwapangia shoo, hakuna barua rasmi, ni simu zisizopokelewa tu. Ndo chanzo cha Banned in D.C. Walijaribu kwenda London wakarudishwa uwanja wa ndege kwa kukosa vibali vya kazi, na katika hekaheka hizo vyombo vyao vikaibiwa, wakawa wanafanya mazoezi kwa vyombo vya wale watoto wa Teen Idles. Hebu fikiria, bendi bora ya mji inaazima amplifaya kwa watoto wa shule. Kufikia 1981 wakahamia New York, wakawa wanapiga kwenye ukumbi wa CBGB, na huko nako wakazaa kizazi kingine, wakiwemo Beastie Boys ambao kabla ya rap walikuwa bendi ya hadikoo.

Mwaka 1982 ikaja ile kaseti. Nasema kaseti kwa sababu ilitoka kama kaseti peke yake, lebo ya ROIR ya New York ndo ilivokuwa ikifanya biashara. Ganda lake la manjano, juu ya kava radi inapiga kuba la bunge la Marekani, na rangi zile tatu za Rasta unazozijua. Walirekodi kwenye chumba kinaitwa 171-A, karibu kama vile walivopiga jukwaani. Kwa mtu wa Mombasa hii habari iko karibu sana na nyumbani, miaka hiyo hiyo muziki wetu nao ulikuwa unaishi kwenye kaseti, taarab ya Mbwana Radio Service ilikuwa inatoka hapa mjini inafika Lamu, inafika Tanga, inavuka bahari mikononi mwa mabaharia na maharusi. Kaseti haikutaka kiwanda, haikutaka redio. Mtu mmoja anayo, kesho kumi wanayo. Umaarufu unakwenda mbali na pesa inabaki pale pale, na hilo likawapata Bad Brains kama lilivowapata wengi wa huku.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Bendi ilikuwa na mivutano miwili kwa wakati mmoja na watu huichanganya. Wa kwanza ni wa muziki na imani. Kadiri H.R. na mdogo wake Earl walivozama kwenye Rasta ndivo walivotaka rege zaidi, wakaona ile kasi ni ya Babiloni, yaani ya dunia potovu. Dr. Know na Jenifer nao walikuwa Rasta lakini walitaka kupiga kwa nguvu. Basi baada ya albamu ya 1983, Rock for Light, iliyotengenezwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, ndugu wawili wakatoka, H.R. akaunda bendi yake ya rege, Human Rights. Wakarudiana, wakatoa I Against I mwaka 1986 na prodyusa Ron Saint Germain, ambayo binafsi naiweka juu ya zote kwa vile hapo kasi imepungua na uzito umeingia, roki nzito yenye mifupa ya rege na fanki, miaka kadhaa kabla watu wengine hawajaanza kuchanganya hivo. Kwenye hiyo albamu kuna wimbo Sacred Love. Wakati wa kurekodi H.R. alikuwa gerezani kwa kesi ya bangi, kwa hivyo sauti yake aliimba kwa simu ya gereza, yeye huko na mkonga wa simu, wao studio wanarekodi. Skiza wimbo ule kwa spika za sikioni, sauti ni nyembamba, imebanwa puani, iko mbali, na ni wimbo wa mapenzi. Mtu anaimba mapenzi kwenye simu ambayo mlinzi anaweza kuikata. Kila kitu kizuri kuhusu hii bendi na kila kitu kilichoitesa kimo ndani ya ule wimbo mmoja.

Halafu akatoka tena. Akarudi kwa Quickness ya 1989. Akatoka tena. Mwaka 1993 wakatoa Rise na mwimbaji mwengine, Israel Joseph I. Mwaka 1995 wakaungana wote wanne kwa God of Love, wakapewa ziara kubwa, ikaharibika njiani baada ya H.R. kupigana, na mkataba ukaenda nayo. Miaka ya mwisho ya 90 wakazunguka kwa jina la Soul Brains. 2007 Adam Yauch wa Beastie Boys, yule mtoto aliyekuwa akiwatazama New York, akawatengenezea Build a Nation. 2012 wakatoa Into the Future.

Kuhusu H.R. nataka kusema kwa heshima. Watu wanapenda kumfanya hadithi ya kuchekesha, mwimbaji anayefika jukwaani na kofia ya pikipiki, anayetabasamu dakika nzima badala ya kuimba. Huyu ni mtu aliyekuwa mgonjwa. Matatizo yake ya akili yamezungumzwa hadharani na watu wake wa karibu, na 2016 ikajulikana pia ana ugonjwa nadra wa maumivu ya kichwa unaoitwa SUNCT, maumivu ya kuchoma upande mmoja yanayokuja kwa mafungu, mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa ubongo. Huku kwetu mtu akianza kubadilika hivo watu wanamwambia ana majini, anazungushwa kwa waganga miaka na miaka, na kule Marekani walimwita msanii wa ajabu wakaendelea kumkatia tiketi. Majina mawili tofauti, na mgonjwa hakutibiwa kwa wakati kwa vyote viwili. Dr. Know naye mwaka 2015 moyo ulimsimama akalazwa mahututi, akapona.

Na kuna doa ambalo siwezi kulipita. Mwaka 1982 huko Austin, Texas, waligombana na bendi ya Big Boys iliyowapokea na kuwapa mahali pa kulala, kisa mwimbaji wao alikuwa shoga, na habari zikasambaa nchi nzima kwenye vijarida vya panki. Ile jamii ilikuwa ndogo, bendi zilikuwa zinalala sakafuni kwa bendi nyenzao, chakula cha pamoja, petroli ya kuchanga. Ukiwatukana wenyeji wako umefunga milango ambayo hukujua unaihitaji. Mtu anaweza kuwa na imani yake, sawa, lakini mgeni ana adabu zake pia, na Mpwani yeyote analijua hilo tangu utotoni. Waliimba umoja na walipofika kwenye nyumba ya mtu wakaukosa.

Mvutano wa pili ndo ninaoona ulikuwa mkubwa na hauzungumzwi, ni nani anashika rekodi. Tazama tu lebo. Kaseti ya 1982 ROIR. Rock for Light PVC. I Against I SST. Quickness Caroline. Rise Epic. God of Love Maverick, ile lebo ya Madonna. Rekodi sita, lebo sita, kama mpangaji anayehama kila mwaka na kila akihama anaacha kabati moja nyuma. Kila lebo mpya ilikuwa na mipango yake na masharti yake, na kila bendi ilipovunjika hakukuwa na mahali pa kurudi pa kusema hapa ndo petu, tutulie, mwenzetu akipona tutaendelea. Rock for Light ilipotolewa tena 1991 hata ilichanganywa upya na kasi ikapandishwa, kwa hivyo vijana wengi walikua wakiskiza kitu ambacho si kile kilichotoka 1983.

Sasa linganisha na wale watoto waliowaazima vyombo. Teen Idles walivunjika 1980 wakiwa na akiba ya shoo zao kama dola 600. Badala ya kugawana wakaamua kutoa santuri ndogo ya kumbukumbu, na hiyo ndo ikawa lebo ya Dischord. Hawakujua kava la santuri linatengenezwaje, wakachukua la santuri ya Uingereza wakalifungua gundi, wakalitandaza, wakachora mpaka wake, wakapeleka kwa mchapishaji, halafu wakakaa na marafiki wakakata kwa makasi na kukunja na kugundisha, nakala 1,000. Nikiwaza ile sebule na ile gundi vidoleni naelewa kila kitu kilichofuata. MacKaye na Nelson wakaunda Minor Threat mwisho wa 1980, na Lyle Preslar gita na Brian Baker besi. Wakapiga mpaka Septemba 1983, shoo ya mwisho wakiwa jukwaa moja na Trouble Funk wa go-go, wakaachana. Katikati hapo walisimama kwa muda kwa sababu Preslar alienda chuo kikuu, kitu cha kawaida kabisa, wakarudi wakaendelea. Kila walichorekodi kinaingia kwenye sidii moja, nyimbo 26, haifiki saa. Hawakuwa na mikataba ya maandishi, bei ya santuri ilikuwa ya chini makusudi, na hadi leo zinauzwa na lebo ile ile ya mji ule ule. Wimbo wao wa sekunde 46, Straight Edge, wa kijana anayesema halewi wala havuti na ana mambo bora ya kufanya, umezaa watu wa aina hiyo dunia nzima, wanaojichora X mkononi. Vijana wangu wa Kiislamu hapa Mombasa nikiwaeleza hilo huwa wanashtuka, bendi ya panki isiyogusa pombe.

Kwa ujuzi Minor Threat hawafiki kwa Bad Brains, wenyewe wamesema mara nyingi walijifunza kwao. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na nyumba. Na hapa ndo suala la rangi linaingia sawasawa, sio kwa ile njia rahisi ya kusema walibaniwa. MacKaye na wenzake walikuwa na makazi ya wazazi, vyumba vya chini vya kufanyia mazoezi, chuo cha kurudia. Bad Brains walikuwa wakubwa zaidi, baadae na watoto wa kulea, wanaishi kwa shoo hadi shoo. Lebo mpya ikija na hundi huwezi kuikataa kwa ajili ya msimamo. Mtu anayesema wangetoa rekodi zao wenyewe kama Dischord aseme pia kodi ya nyumba ingetoka wapi.

Mimi hili naliona hapa hapa. Them Mushrooms walianzia pande hizi mwaka 1972, wakajenga jina kwenye mahoteli ya ufukweni, wakatupa Jambo Bwana, na 1987 wakahamia Nairobi maana huko ndo kulikuwa na studio na pesa. Siwalaumu, wamefanya kazi kubwa. Marehemu Juma Bhalo yeye alibaki, maisha yake ya muziki yakawa harusi za Mombasa, Malindi, Lamu, kaseti mkononi kwa mkono, na mpaka leo ukiekea Bhalo Mji wa Kale utaona wazee wanakaa sawa. Mzee Ngala wa Freretown na muziki wake wa bango vile vile, saksafoni ile imechezesha harusi za Pwani hii vizazi kwa vizazi. Ukipima kwa mizani ya Nairobi ama ya ng'ambo utasema hawa hawakutoka. Ukipima kwa nani anaujua wimbo mpaka beti la mwisho, jibu ni jengine. Bendi ya mji inapimwa hivo, na Bad Brains kosa lao kubwa, kama tunaweza kuita kosa, ni kwamba walifukuzwa kwenye mji wao mapema mno wakawa wanapimwa kwa mizani ya watu wengine maisha yote.

Na kwa wale bado wanaosema ni muziki wa wazungu, Nairobi kumetoka bendi ya Duma, watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ni kali kuliko hadikoo nyingi za Ulaya. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, 2024 akatoa The Adept kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Sijui kama alifikiria Bad Brains alipofungua lebo, lakini mimi nilifikiria.

Bad Brains wenyewe pia hatimaye wamepata lebo yao. Mwaka 2021 rekodi zao za zamani zilianza kutoka upya chini ya jina lao, Bad Brains Records, wakisaidiana na Org Music, na Rock for Light ikarudi na ule mchanganyo wa mwanzo. Wana miaka zaidi ya sitini sasa.

Kama unataka kuanza, anza na ile kaseti ya 1982, iko kila mahali mtandaoni. Usirushe nyimbo. Tano za kwanza zinapita kwa dakika kama nane tu, utachoka, ni sawa, kisha Jah Calling inaingia na besi inatua utaelewa kwa nini imewekwa pale. Nyimbo za rege ni tatu tu kati ya kumi na tano lakini zinachukua zaidi ya theluthi ya muda wote, kwa hivyo mtu asikwambie rege ilikuwa mapumziko. Ukimaliza rudia kutoka mwanzo ukifuata besi peke yake, sauti juu kiasi majirani wanavoweza kuvumilia, halafu nenda I Against I.